Hakuna Faili Kama Hilo

Kati ya majibu yote ambayo kompyuta humpa mtu, lipo moja ambalo karibu kila aliyewahi kuandika programu, hata ile ya mistari kumi, amelipata: hakuna faili wala folda kama hiyo. Linakuja kwa Kiingereza, mara nyingi likiwa na namba (katika Python ni kosa namba 2), na linamkuta mtu akiwa analitazama faili hilo hilo kwa macho yake kwenye skrini. "Lakini si hili hapa!" Mafrateri wenzangu wanaojifunza kuandika programu saa za mapumziko huniita kwa ajili ya sentensi hiyo kuliko kwa jambo jingine lolote, kwa kuwa wanajua nilisoma kompyuta kabla ya kuingia seminari. Nawaandikia wao, lakini pia makatibu wa parokia, makatekista na vijana wanaotusaidia kuhamishia madaftari yetu kwenye kompyuta. Huko ndiko nilikoiona sentensi hiyo ikigusa maisha ya watu.

Kwanza tuielewe. Kompyuta haisemi kwamba faili limepotea duniani. Inasema hivi: nikianzia hapa niliposimama, nikifuata njia uliyonipa herufi kwa herufi, sikukuta kitu chenye jina hilo. Basi. Haikwenda kutafuta chumba cha pili, haikuuliza majirani, haikujaribu jina linalofanana. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, na utiifu wa namna hiyo, wanaotulea watanisamehe, una hasara zake.

Mahali programu inaposimama ndipo panapowasumbua wengi. Mgeni akikuuliza njia ya kwenda kwa mama fulani, ukamwambia ashuke mpaka mwembeni, akate kushoto, nyumba ya tatu, maelekezo hayo ni sahihi kwa anayeanzia kanisani. Akianzia sokoni atabisha hodi kwa mtu mwingine. Ukiandika ndani ya programu njia fupi kama "data/ubatizo.csv", umetoa maelekezo ya aina hiyo: tafuta folda ya data kuanzia hapa. Na "hapa" si lazima iwe folda yenye programu. Ni folda ambayo programu imeitiwa. Uiendeshe kwa kubofya mara mbili, inaweza kusimama pengine. Uiendeshe kutoka kwenye dirisha la amri, itasimama pale dirisha lilipo. Kwa hiyo mtu akiniita, kabla sijatazama jambo jingine, humwomba aongeze mstari mmoja juu kabisa unaoiambia programu itaje iliposimama, katika Python ni print(os.getcwd()), baada ya kuita os. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Frateri anasoma jina la folda, anasema "aaa", anavuta kiti.

Wengine wakishaumwa na jambo hilo hukimbilia njia kamili, inayoanzia kwenye herufi ya diski na kushuka mpaka kwenye faili. Njia kamili haijali umesimama wapi, na hilo ni zuri, ila inataka nyumba isihamishwe kamwe. Programu ikipelekwa kwenye kompyuta ya paroko, folda yenye jina la kijana aliyeiandika haiko huko. Flashi ndiyo mbaya zaidi. Windows kwa kawaida huipa flashi herufi iliyo wazi: leo ni E, kesho, kwa kuwa kuna flashi nyingine iliyochomekwa kabla, ni F.

Hilo la flashi nililishuhudia katika mwaka wangu wa uchungaji. Nilikuwa katika parokia changa, iliyomegwa kutoka parokia mama iliyo mwendo wa saa mbili kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Masika ni habari nyingine. Waliobatizwa kabla parokia haijazaliwa wameandikwa katika madaftari yaliyobaki parokia mama. Kijana mmoja, kabla hajaenda chuo, alifanya kazi ya miezi mingi ambayo sidhani kama alishukuriwa inavyostahili. Alikwenda huko, akapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akarudi kuchapa majina mwaka kwa mwaka, kisha akaandika programu ndogo ya kuyatafuta. Ukichapa jina la mtu, jina la baba na mwaka, inakupa ukurasa na namba ya LB, yaani Liber Baptizatorum. Kwa namba hiyo katibu anapiga simu parokia mama, na cheti kinaandikwa na wale wanaolishika daftari lenyewe, kama inavyopaswa.

Katibu alikuwa mwalimu mstaafu, na wote tulimwita Mwalimu. Siku moja akaja binti ambaye tangazo lake la ndoa lilikuwa limeshasomwa Dominika mbili. Mwalimu akachapa jina, programu ikajibu: "Hakuna kumbukumbu." Akajaribu mwaka wa nyuma na wa mbele. Hakuna. Mwalimu ni mtu mpole, lakini alimwambia kile alichokisoma: "Mwanangu, humu humo. Labda wazee wako walikubatizia pengine." Mama wa yule binti alikuwa ameshafariki, na baba hakuwa mtu wa kukumbuka mambo ya kanisani. Kufikia Jumapili jioni habari ilikuwa imefika kwa upande wa mchumba ikiwa imeongezwa chumvi: huyu hajabatizwa kabisa. Shangazi mmoja alianza kuuliza, tena kwa sauti, ni kwa nini basi alikuwa anapokea Komunyo miaka yote hiyo.

Jumatatu nilipoketi mbele ya ile kompyuta sikuanza na jina la binti. Nilichapa jina la mtu niliyejua kwa hakika kwamba yumo. Wiki chache kabla, Mwalimu alikuwa amenionyesha kwa fahari namba ya mwanawe wa kwanza. Nikaandika jina hilo na mwaka wake. "Hakuna kumbukumbu." Nikaenda kumwita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Frateri. Umempata?"

"Bado. Ila mashine inasema hata mwanao hayumo."

Akavua miwani, akaitazama skrini, akaivaa tena. "Basi yenyewe ndiyo ikaandikishwe ukatekumeni."

Mafaili yote yalikuwa kwenye flashi. Programu ilikuwa imeandikiwa herufi E, na flashi ya kwaya, iliyoachwa kwenye tundu jingine tangu mazoezi ya Jumamosi, ndiyo iliyokuwa imekalia E. Ya madaftari ilikuwa F. Tulizichomoa zote mbili, tukachomeka moja, na jina la binti likatokea mara ya kwanza tulipolichapa, na namba yake, na ukurasa wake. Mwalimu alipiga simu parokia mama saa hiyo hiyo. Ndoa ilifungwa tarehe iliyopangwa na yule shangazi alikula pilau kama wengine.

Hata hivyo, kwangu herufi ya diski ndiyo ilikuwa tatizo dogo. Kubwa lilikuwa mistari miwili ndani ya programu iliyosema: ukishindwa kufungua faili, nyamaza, chukulia kwamba orodha ni tupu, endelea. Waandishi wa programu hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, ili mtumiaji asitishwe na maandishi ya Kiingereza yanayojaa skrini. Kinachotokea ni kwamba programu inakuwa na jibu moja kwa hali mbili zisizofanana hata kidogo. Hali ya kwanza: nimesoma daftari lote, sikumwona. Hali ya pili: sikuweza kulifungua daftari. Ile ya kwanza ni ushahidi wa kiasi fulani. Ya pili si ushahidi wa jambo lolote, na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo aliyojibiwa.

Kwetu tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Ubatizo haurudiwi. Kanuni ya 869 inaruhusu kubatiza kwa sharti pale ambapo, baada ya uchunguzi wa kina, bado kuna shaka kama mtu alibatizwa au kama ubatizo wake ulikuwa halali. Baada ya uchunguzi wa kina. Padre mwenye mambo mengi na harusi iliyo mbele yake wiki mbili angeweza kuyaona maneno "Hakuna kumbukumbu" akadhani uchunguzi umeshafanyika, kwa kuwa mashine imeufanya. Mashine ilikuwa haijafungua hata faili moja. Ndiyo maana nashikilia, na nimewahi kubishana na wenzangu juu ya hili, kwamba programu ya parokia ni afadhali ianguke kwa kishindo katikati ya ofisi, na maandishi yake yote ya Kiingereza, kuliko kujibu kwa upole jambo isilolijua.

Baada ya hapo niliipitia programu yote pamoja na yule kijana kwa simu, jioni baada ya jioni. Tuliamua kuyahamishia madaftari kwenye diski D ya kompyuta ya ofisi, kila aina na folda yake. Nilipomsimulia kwamba ninaandika njia hizo kwa mkwaju wa Windows, ule unaolalia nyuma, \, alicheka, akaniambia nimsomee kila moja na kile ambacho Python ingekielewa. Mkwaju huo una historia yake. MS-DOS toleo la 2.0, la mwaka 1983, ndilo lililoleta folda ndani ya folda, na mkwaju wa kawaida, /, ambao Unix ilikuwa ikiutumia tayari, kwenye amri za DOS ulikuwa na kazi nyingine. Wakachukua wa kinyume. Lakini katika Python, kama katika lugha nyingine nyingi za kompyuta, mkwaju wa kinyume ndani ya maandishi ni ishara kwamba herufi inayofuata ina maana ya pekee: n ni mstari mpya, t ni kuruka nafasi, v nayo ni alama isiyoonekana. Andika "D:\ndoa" na Python itasoma D na nukta mbili, itashuka mstari mpya, kisha itasoma doa. Ndoa imegeuka doa! "D:\vifo" inabaki ifo, "D:\takwimu" inabaki akwimu. Hata mwaka hausalimiki: "\1994" inapoteza 1 yake na kubaki 994. Ubatizo ndio wenye msimamo. Ukiandika "D:\ubatizo" programu haianzi kabisa, kwa sababu baada ya u Python inasubiri tarakimu nne za namba ya herufi. Katika folda zetu zote, kipaimara peke yake ndicho kilichopita salama, na Mwalimu alilitolea jambo hilo maelezo ya kiteolojia ambayo siyaweki hapa.

Dawa ni rahisi. Tumia mkwaju wa kawaida. Programu ikifungua faili kwenye Windows, mkwaju huo unakubalika pia. Au weka herufi r mbele ya alama ya kufungulia maandishi, ili Python isome kila kitu kama kilivyo. Bora zaidi ni zana iitwayo pathlib, iliyoingia Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Inaunganisha vipande vya njia yenyewe, na inakuwezesha kuiambia programu ianze kwanza kujua folda inamoishi, kisha ihesabu njia zote kuanzia hapo. Tulipofanya hivyo, swali la E na F liliisha, na la "imesimama wapi" pia.

Likibaki jina, kuna mitego ya herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, Ubatizo na ubatizo ni folda moja. Kwa Linux, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi za tovuti, ni folda mbili zisizojuana. Kamera nyingi huandika picha kwa mwisho wa .JPG, herufi kubwa. Anayetengeneza ukurasa wa parokia anaandika.jpg kwa mazoea. Picha za Mkesha wa Pasaka zinaonekana vizuri kwenye kompyuta yake, na zikipandishwa kwenye seva zinabaki viboksi vitupu. Watu hulaumu intaneti. Jina lenye alama kama Thérèse nalo linaweza kuandikwa kwa namna mbili, herufi moja yenye alama yake au herufi ikifuatwa na alama, na jicho haliwezi kuzitofautisha ingawa kompyuta inazitofautisha. Kwa hiyo mafaili yangu yote, hata ya insha za falsafa, ni herufi ndogo, hayana nafasi wala alama, na mwaka una tarakimu nne. Hayapendezi. Yanafunguka.

Halafu kuna mkia, herufi zile baada ya nukta ya mwisho. Windows ikiwa kama ilivyotoka dukani huficha mikia inayoifahamu. Mtu anahifadhi orodha yake kwa kihariri cha kawaida, anaandika 1994.csv, na faili linakuwa 1994.csv.txt, lakini skrini inamwonyesha 1994.csv. Anaweza kukaa saa nzima akiapa kwamba jina ni sahihi, na kwa alichokiona hasemi uongo. Kwenye mipangilio ya folda kuna mahali pa kuamuru mikia yote ionyeshwe. Ningependa kompyuta zote za parokia ziwashiwe hiyo kabla ya kuwekwa hata programu moja.

Kwa mafrateri, tahadhari moja ya kwenu hasa. Tunapenda kuziita homilia zetu kwa somo lake: Mt 5:1-12. Ukijaribu kuandika jina hilo kwenye folda ya Windows, itakukatalia ile nukta mbili. Lakini programu uliyoiandika mwenyewe, ikihifadhi faili kwa jina hilo kwenye diski ya Windows, haikataliwi. Nukta mbili kwa diski hizo ina maana ya sehemu iliyofichwa ndani ya faili. Utakuta faili liitwalo "Mt 5", ukubwa wake sifuri, na homilia yote imejificha nyuma yake. Frateri mmoja alikuwa na homilia za Heri Nane na za Chumvi na Nuru zote zikiwa ndani ya "Mt 5" tupu. Tulizitoa kwa kuiagiza programu ifungue majina yale yale, na nukta mbili zake. Laiti angeinakili folda ile kwenye flashi ya kawaida ya FAT32 na kufuta ya kwanza, zingekwenda moja kwa moja, kwa sababu flashi ya namna hiyo haina pa kuziweka sehemu hizo.

Flashi zenyewe zina ugonjwa wake unaofahamika kila kona yenye duka la kuchapisha. Unafungua, unakuta folda zako zimegeuka njia za mkato, na programu inasema haioni kitu. Virusi hivyo kwa kawaida havifuti. Huyaficha mafaili na kuweka vivuli mahali pake. Usifomati flashi. Usibofye vivuli. Isafishe kwa programu ya kuondoa virusi, kisha kwenye dirisha la amri la Windows andika attrib -h -s /s /d ukiwa ndani ya flashi, na mara nyingi vitu vinarudi machoni. Na ukipata kosa namba 13 badala ya 2, hilo ni jingine: faili lipo, ila umenyimwa ruhusa, pengine kwa sababu katibu bado amelifungua kwenye Excel.

Programu ya ile parokia sasa inasema mambo matatu badala ya moja. Kabla ya kujibu, inataja imesoma madaftari mangapi kati ya mangapi. Ikishindwa hata moja inasema kwa Kiswahili "Sikuweza kufungua," inataja mwaka na njia kamili iliyoijaribu, na inagoma kuendelea. Ikiwa imeyasoma yote na haikumwona mtu, ndipo inasema hayumo. Jibu la tatu tuliliongeza kwa ombi la Mwalimu, kwa sababu ya kurasa chache za daftari la zamani ambazo mchwa walizifikia kabla ya kamera. Kwa miaka hiyo programu inaandika "Kurasa hazisomeki." Hapo hakuna njia ya kurekebisha wala herufi ya kubadilisha. Kanuni ya 876 inatosheka na ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka, pale ambapo hakuna anayedhurika. Mwalimu anaisukuma kompyuta pembeni, anachukua kalamu, na kuuliza jina la aliyemsimamia mtu huyo siku ya ubatizo, na kama bado yu hai, na anakaa kigango gani.